UMISSETA: Kwa Nini Uanafunzi wa Mchezaji Huhakikiwa Kabla ya Kipaji Chake

Kila mwaka, katika kipindi cha likizo ya katikati ya mwaka, wanafunzi wa sekondari kutoka mikoa 26 ya Tanzania Bara hukutana katika mashindano ya Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania (UMISSETA). Mwaka 2021 mashindano hayo yalifanyika Mtwara, mwaka 2022 na 2024 yalifanyika Tabora, na mwaka 2025 mwenyeji alikuwa Iringa.

Mashindano hayo huratibiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI) kwa kushirikiana na wizara zenye dhamana ya elimu na michezo. Wanafunzi hushindana katika soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na riadha, pamoja na fani za sanaa zikiwemo ngoma na kwaya. Siku ya ufunguzi, timu za mikoa hupita mbele ya mgeni rasmi kwa maandamano, kila mkoa ukiwa katika sare zake.

Safari ya kufika huko huanzia shuleni. Wanafunzi hushindana baina ya madarasa au mabweni, kisha shule jirani hukutana, na hatimaye mashindano hufika ngazi ya halmashauri na mkoa. Kinachopanda ngazi si timu ya shule bali mchezaji mmoja mmoja. Timu ya halmashauri huundwa na wanafunzi wa shule mbalimbali, na timu ya mkoa huchaguliwa kutoka halmashauri zote. Kwa utaratibu huo, mwanafunzi wa shule ya kata isiyo na timu imara bado ana nafasi ya kuuwakilisha mkoa wake.

Hapo ndipo uhakiki unapopata uzito. Nafasi katika kikosi cha mkoa ni chache. Anapoingizwa mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi au aliyekwisha kumaliza shule, mkoa huweza kupata kombe, lakini mwanafunzi halali hubaki nyumbani, na walimu wanaosaka vipaji hawapati kumwona. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za usajili wa mchezaji hukaguliwa kabla hajaruhusiwa kushiriki. Mkuu wa shule, ambaye ndiye mtunzaji wa kumbukumbu hizo, ana wajibu wa kuthibitisha kwamba jina analolipeleka ni la mwanafunzi anayesoma shuleni kwake.

Udanganyifu pia huharibu lengo la mashindano. Mamluki mwenye umri mkubwa na uzoefu wa ligi humfunika kijana wa miaka 15 au 16 ambaye bado anajifunza. Matokeo yake, kocha huondoka na taarifa za mtu ambaye hawezi kuendelezwa katika timu za vijana.

Mafanikio ya wanafunzi halali yanajulikana. Mwezi Aprili 2023, wasichana wa Shule ya Sekondari Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule mjini Durban, Afrika Kusini. Aidha, Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, hatua inayoongeza umuhimu wa kuandaa wachezaji tangu wakiwa shuleni.

Wazazi na walezi wana sehemu yao katika jambo hili. Mzazi anapaswa kuhakikisha kwamba majina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake vimeandikwa kwa usahihi shuleni, kwa kuwa tofauti ndogo ya kumbukumbu huweza kumkwamisha mchezaji halali wakati wa uhakiki. Mwananchi mwenye taarifa za mchezaji asiyestahili anaweza kuziwasilisha kwa Mkuu wa Shule, Afisa Michezo au Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri husika, mapema kabla timu ya mkoa haijaingia kambini.