Kompyuta ya Tawi Inazimika: Tazameni Vumbi Kwanza

Kompyuta ya mezani katika ofisi ya tawi letu ilikuwa ikizimika yenyewe kila baada ya nusu saa, na daftari la ada za wanachama limo ndani yake. Fundi mmoja alishauri inunuliwe mpya. Tulikataa kutoa jasho la wafanyakazi kabla ya kuifungua na kuitazama.

Dalili ilikuwa wazi. Ikipoa inawaka vizuri. Ikipata moto inazimika. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujizima ili isiungue. Kama ingezimika hata ikiwa baridi, tungeshuku umeme au memori.

Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu. Ofisi iko kando ya barabara ya vumbi, na mapezi ya alumini chini ya feni yalikuwa yamevaa blanketi! Tulisafisha kwa brashi laini ya rangi, feni tumeishika kwa kidole isizunguke. Halafu tukayatoa mapezi, tukafuta kwa spiriti ule uji mkavu wa kupitisha joto ulio juu ya prosesa, tukaacha pakauke, tukaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani msikifungue: hubaki na umeme hata waya ukichomolewa.

Sasa mashine iko juu ya meza, shibiri moja kutoka ukutani. Na kila Ijumaa mweka hazina anatoa nakala ya daftari la ada, awe na haraka au asiwe nayo.