Mbona Injini Yetu Inachemka?

Siku ukiwa Kibera na gari la moshi likipita, hebu tazama ubavu wa kichwa chake. Utaona matundu marefu yenye vyuma vyembamba. Hayo si mapambo. Ndani kuna rejeta kubwa na feni ya kuvuta hewa. Reli hii ilipofika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901, vichwa vilikuwa vya mvuke, na joto jingi lilitoka pamoja na mvuke kwenye bomba. Zilipoingia injini za dizeli ilibidi joto litafutiwe njia nyingine.

Sasa tuvuke reli tuingie mtaani. Kikundi kimechanga miezi mingi, au kimekopa, kikanunua jenereta ndogo ya petroli. Au kule Kawangware vijana wamenunua mashine ya kuoshea magari. Kwa kuogopa wezi, na kwa sababu majirani wanalalamika juu ya kelele, injini inafungiwa ndani ya sanduku la mbao au kibanda cha mabati. Wiki ya kwanza inanguruma vizuri. Baadaye inaanza kuzimika yenyewe jua likiwa kali. Mkingoja nusu saa inawaka tena. Wanachama wanaanza kunung'unika: "Tumeuziwa feki!" Mara nyingi si feki. Injini imekosa hewa, na mkiendelea hivyo pistoni itakwama, na deni bado mnalo.

Katika kila lita nne za petroli mnazotia, karibu lita moja tu ndiyo inayofanya kazi. Zile tatu zinageuka joto. Jingi linatoka na moshi, na linalobaki liko kwenye chuma. Injini hizi ndogo hazina rejeta wala maji. Zina mabawa kwenye flaiwili, nyuma ya ile kamba ya kuwashia, na hayo ndiyo feni yake. Feni inavuta hewa baridi upande wa kamba, kisha kifuniko cha bati kinaiongoza ipite katikati ya mapezi ya silinda, ile mistari ya chuma iliyosimama kama mapezi ya samaki. Inatokea upande wa pili ikiwa moto kabisa. Je, mkiwa mmefunga sanduku, hewa hiyo itaenda wapi? Inazunguka humo humo, inavutwa tena na feni, inarudi kwenye silinda. Kuongeza feni nyingine ndani ya sanduku hakusaidii. Ni kukoroga uji ambao bado uko motoni.

Huko Uingereza kuna watu wanaojenga treni ndogo za kupandisha watoto bustanini, na baadhi yao hutumia injini kama hizi. Wanaifunika injini ili treni ipendeze, halafu wanakutana na shida yetu ile ile. Dawa ni moja: hewa inayoingia na hewa inayotoka zisikutane. Kateni tundu kubwa mkabala na kamba, ndiyo njia ya hewa baridi. Upande inakotokea hewa ya moto kateni jingine kubwa zaidi, maana hewa ikipata moto hutanuka, na liwe juu kidogo. Katikati wekeni kipande cha bati kilichokaribia injini, ili hewa ya moto isipate kichochoro cha kurudi. Matundu ya msumari hayatoshi, hata yakiwa mia. Na kama mnaweza kuacha sanduku kabisa, heri. Itoeni nje ikifanya kazi, iwe mita moja kutoka ukuta wowote, irudi ndani ikishapoa.

Hapa nisisitize sana. Bomba la moshi lisielekee mlango au dirisha la mtu. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, na huua watu wakiwa usingizini. Nyumba zetu zimebanana na mabati yana nyufa. Jenereta haiwashwi ndani ya nyumba hata mlango ukiwa wazi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo ile iliyoandikwa nguvu za farasi 5.5, huku kwetu inatoa kama 4.4 tu. Hewa nyepesi pia hubeba joto kidogo. Mkiipa kazi yote iliyoandikwa kwenye karatasi, mnaichosha.

Halafu oili. Injini ya kiasi hicho hubeba karibu lita 0.6 tu, na oili hiyo hulainisha na pia hupoza. Ibadilisheni baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Penye vumbi jingi msingoje hata hizo. Mtu mmoja aandike saa kwenye daftari, la sivyo kila mtu atadhani mwenzake amebadilisha. Mara kwa mara fundi afungue kile kifuniko cha bati, asugue mapezi kwa brashi. Kwenye kuosha magari utakuta tope limekauka humo. Kijijini, kwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, utakuta makapi, na mara nyingine panya amejenga.

Ikichemka, jamani, msiimwagie maji. Chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Ondoeni mzigo, iacheni izunguke bure dakika mbili tatu, ndipo muizime. Petroli isitiwe mpaka injini ipoe kiasi cha kushikika kwa mkono, hasa huku kwetu ambako moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa mzima.