Ugonjwa wa Ghafla na Ugonjwa Sugu: Mfano wa Kichocho katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Sehemu hii inafafanua tofauti baina ya ugonjwa wa ghafla na ugonjwa sugu kwa mifano ya mwambao wa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Kigezo kinachozitenganisha istilahi hizi ni muda, wala si ukali. Ugonjwa wa ghafla huanza kwa kasi na hufikia kikomo, kwa kupona au kwa kifo, ndani ya siku au majuma machache. Kipindupindu ni mfano bayana: dalili hujitokeza baada ya saa chache hadi siku tano tangu kuambukizwa, na mgonjwa mahututi asiyerudishiwa maji na chumvi mwilini aweza kufariki siku hiyo hiyo. Ugonjwa sugu hudumu kwa miezi au miaka, kama kisukari.

Hata hivyo, ugonjwa mmoja waweza kuwa na hatua zote mbili. Kichocho cha tumbo husababishwa na minyoo aina ya Schistosoma mansoni, ambao lava wao hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Majuma machache baadaye, mgeni wa maambukizi hayo aweza kupata homa na kikohozi. Kwa waliokulia karibu na mialo, hatua hiyo mara nyingi haionekani. Minyoo huishi mwilini kwa miaka, na mayai yao yanayonasa katika ini husababisha makovu. Makovu hayo huzuia damu kupita, shinikizo hupanda katika mshipa uingiao ini, na hatimaye mishipa ya umio huweza kupasuka. Mvuvi anayefikishwa hospitalini akitapika damu huonekana ameugua ghafla, ilhali ugonjwa wake ni wa miaka mingi.

Neno sugu nalo lahitaji tahadhari. Katika istilahi kifua kikuu sugu, hudokeza vimelea vinavyostahimili dawa; katika ugonjwa sugu, hudokeza kudumu. Kichocho sugu kingali kinatibika kwa prazikwanteli, ingawa makovu yaliyokomaa huenda yasiondoke, na anayerejea majini aweza kuambukizwa upya. Mgonjwa anayechanganya maana hizo mbili aweza kuiacha dawa ambayo ingemfaa.

Kwa hiyo, kumuuliza mgonjwa dalili zilianza lini hakutoshi. Yafaa aulizwe pia ametumia maji ya ziwa kwa miaka mingapi.