Jicho la Sauti Katika Kiungo cha Mtoto

Wazazi wengi wa Kisangani wamepata kumkuta asubuhi mtoto, aliyecheza vema jana, hataki kusimama. Mwili una moto. Akiguswa paja alia. Likiwa goti, uvimbe huonekana. Lakini nyonga haionyeshi kitu, maana imefichwa chini ya nyama nyingi. Jirani mmoja asema ameteguka. Wa pili aleta wembe apate kumchanja. Wa tatu ashauri sindano ya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa. Siku tatu zapita. Nasi twasema bila kuficha: siku hizo zaweza kumwachia mtoto kilema cha maisha. Usaha ukiingia ndani ya kiungo hulila gegedu linalofunika ncha za mifupa, na gegedu likiisha kuliwa halirudi.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa ajili ya ugonjwa wa selimundu, ambao mjini huitwa SS. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Kisangani, uliotangazwa mwaka 2010, ulikuta karibu mtoto 1 katika kila 100 amezaliwa nao. Watoto hao huumwa mifupa na viungo mara kwa mara pasipo usaha wowote. Tena ni wepesi kushikwa na vijidudu. Basi mama aliyekwisha kuzoea asema, "Ni ile taabu yake ya siku zote." Na siku hiyo siyo.

Mganga atajuaje? Sharti achome sindano, atoe maji ya kiungo, yachunguzwe. Lakini mkono peke yake hukosea. Mwaka 1993 waganga wa Uingereza walipima sindano 109 za viungo zilizochomwa kwa kupapasa tu: zilizothibitika kufika ndani zilizidi nusu kidogo mno. Nao walikuwa watu wa kazi hiyo!

Hapo ndipo ekografi inaposaidia, mashine ile ile mama zetu waijuayo kwa habari ya mimba. Hutuma mwilini sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la mtu. Sauti hugonga na kurudi, na mashine huichora. Mfupa huonekana kama mstari mweupe, maji huonekana meusi, na sindano kama uzi unaong'aa. Mganga huiona ikienda penye maji, ikiukwepa mshipa mkubwa wa damu uliopita mbele ya nyonga. Wala haina miali ya kumdhuru mtoto.

Wanafunzi wetu watafurahi kujua kwamba mmoja wa waanzilishi wa elimu hii alikuwa padre. Lazzaro Spallanzani wa Pavia, Italia, aliona katika miaka ya 1790 kwamba popo asiyeona huruka bila kugonga kitu. Wengi walimcheka, mwaka 1938 ndipo ilipothibitika kwamba popo hutoa sauti tusiyoisikia, na baadaye kwamba hufuata mwangwi wake. Na mwaka 1981 waganga wa Uingereza walieleza jinsi ekografi ilivyowasaidia kutambua na kutibu usaha katika mabega ya mgonjwa.

Twajua ekografi hulipiwa, na nyumba nyingi hazina akiba. Walakini fedha ya wembe na ya sindano za dukani hutoka mfuko ule ule. Tena baadhi ya sindano hizo, zile za kushusha uvimbe, huwapa vijidudu nafasi ya kuenea. Basi ninyi mkaao Lubunga, ng'ambo ya mto, mtoto mwenye homa asiyeweza kukanyaga avushwe siku ile ile. Mwulizeni mganga kama kiungo chaweza kutazamwa kwa ekografi. Pasipo mashine, goti laweza kutolewa maji kwa mkono uliozoea. Nyonga ndiyo yenye kuihitaji hasa. Na maji yakiisha kutolewa yapelekwe maabara mara moja, hata yakiwa meupe.