Nambari Mpya Si Gari Jipya

Wengi wetu tukiona gari dogo lenye nambari za juzijuzi tunasema, "Hilo ni jipya!" La hasha! Nambari huonyesha gari lilisajiliwa Kenya lini, si lilitengenezwa lini. Sheria yetu huruhusu magari yaliyotumika ng'ambo yasiyozidi miaka minane. Hivyo, gari la 2014 lililoteremshwa Mombasa 2021 lilipewa nambari ya KD likiwa tayari na miaka saba. Mwaka wa kutengenezwa umo katika logibuku.

Tena, usikimbilie mwaka wa kwanza wa muundo mpya. Chukua Honda Fit Hybrid. Muundo uliotoka Japani Septemba 2013 ulikuwa umerudishwa kurekebishwa mara tano kufikia Oktoba 2014, na giaboksi ilikuwa mojawapo ya sababu. Kwa kawaida, magari ya miaka inayofuata hutoka kiwandani kasoro kama hizo zikiwa zimeshashughulikiwa.

Basi mjomba akichukua mkopo wa chama anunue gari la teksi, mwambie asome logibuku kwanza, kisha amlipe fundi alikague. Gari likilala gereji, mkopo haulali. Tahadhari kabla ya hatari!