Kitabu gani kimeingia nyumbani mwako mwaka huu?

MSOMAJI, hebu weka gazeti hili kando kidogo, kisha utazame humo nyumbani mwako na uhesabu vitabu vilivyomo. Sasa ondoa vyote vya shule. Ondoa Biblia au Kurani, na vitabu vya nyimbo za ibada. Je, vimebaki vingapi?

Kwa wengi wetu tunaoishi katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Kayole, jibu ni fupi: hakuna kilichobaki.

Na si kwamba hatununui vitabu. Kila Januari wazazi hufurika mjini wakiwa na orodha mkononi, wakitoka duka hili wakiingia lile. Shida ni kwamba kitabu tunakinunua kwa sababu ya mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu nacho kimekwisha kazi. Huuzwa, hupewa binamu, au huishia kufungia njugu.

Lakini wapo majirani zako ambao wamekiuka desturi hiyo, na hawana pesa kukushinda wewe. Sikiliza waliyoyapata.

Mama mmoja wa Umoja alikwenda mjini kutafuta kitabu cha fasihi cha bintiye aliye kidato cha nne. Alikipata katika vile vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara, ambavyo sharti uiname ndipo uchague. Akiwa bado ameinama, akaiona "Siku Njema" ya Ken Walibora, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996 na ambayo yeye mwenyewe aliisoma shuleni. Muuzaji alimwachia kwa Sh100.

Aliisoma ndani ya matatu, jioni baada ya jioni, kwenye msongamano wa Jogoo Road. Aeleza kwamba shuleni aliikariri tu: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Safari hii hakuna aliyemngoja na maswali, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma Kongowea Mswahili, yule kijana anayeondoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake.

Huenda wewe pia ulikisoma kitabu hicho. Huenda pia wakumbuka kwamba Walibora, aliyekuwa mwanahabari na msomi wa Kiswahili, alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na basi kwenye barabara ya Landhies. Hiyo ndiyo njia wanayopita wengi wa Eastlands wakienda mjini na kurudi.

Jirani wa pili ni mzee mstaafu wa Jericho. Yeye hakununua kitu. Aliingia maktaba ya Makadara kusoma magazeti ya bure, akakutana na "Kusadikika" ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Sasa humsomea mjukuu wake kwa sauti. Mtoto alicheka sana kusikia habari za nchi inayoelea angani, kisha akauliza swali ambalo babu hakulitarajia: kwa nini Karama ashtakiwe kwa sababu tu ametaka watu wafundishwe sheria? Mzee asema walizungumza juu ya jambo hilo hadi chakula kikapoa.

Wa tatu ni kijana wa Kaloleni aliyepata "My Life in Crime" ya John Kiriamiti, kitabu kilichotolewa mwaka 1984, ambacho mwandishi alikiandika akiwa gerezani kwa kosa la wizi wa kutumia nguvu. Mamake aliliona jalada akaingiwa na hofu. Lakini kijana asema kilichomkaa moyoni si bunduki wala mbio za magari, bali ile miaka iliyopotelea jela. Mama naye ameanza kukisoma.

Maktaba ni yako

Wawili kati ya hao watatu hawakutoa hata senti. Ndiyo maana ni vyema uijue historia ya maktaba zetu.

Maktaba ya McMillan, lile jengo la nguzo nyeupe katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, mlowezi aliyezaliwa Marekani. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1958. Baadaye jengo likawa chini ya baraza la jiji, na maktaba zake mbili ndogo zipo huku kwetu: moja Kaloleni, nyingine Makadara.

Kwa miaka mingi maktaba hizo zilichakaa. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliafikiana na Kaunti ya Nairobi kuzikarabati, na zile mbili za Eastlands zimekwisha kupata sura mpya. Mbali na hizo, kuna maktaba ya Buruburu, iliyo chini ya shirika la maktaba la kitaifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Ukiingia katika maktaba hizi, na hasa majira ya mitihani, utakuta vijana wamejaa. Lakini tazama kilicho mezani. Wengi wamekuja na vitabu vyao vya shule, na daftari zao. Nyumbani ni chumba kimoja, redio inalia, mtoto mchanga analia, stima imepotea. Wamefuata meza, mwanga na utulivu. Rafu zimesimama ukutani na hakuna anayezigusa.

Hakuna ubaya kufuata meza. Lakini kijana anayekaa mwaka mzima hatua tatu kutoka kwa hazina na asiifungue amepunjwa, na waliompunja ni sisi wazazi. Hajawahi kutuona tukisoma kitu ambacho hakitahiniwi.

Kuna jambo jingine. Katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, maktaba zimewekwa chini ya serikali za kaunti, tena katika kifungu kile kile kinachotaja leseni za pombe. Tembea mtaani kwako jioni uhesabu baa, kisha uhesabu maktaba. Utajua ni sehemu gani ya kifungu hicho iliyotekelezwa kwa bidii. Basi mwakilishi wa wadi atakapokuja kuomba kura, usimuulize habari za barabara na mitaro peke yake.

Kabla ya kutoa pesa

Kitabu kipya ni ghali. Mwaka 2013 sheria iliweka VAT ya asilimia 16 kwa vitabu, na anayelipa ushuru huo mwishowe ni mnunuzi. Kwa hivyo mitumba si aibu. Ila nunua kwa macho mawili:

Kwanza, uliza shule inatumia kitabu gani mwaka huu. Vitabu teule hubadilika. "Kidagaa Kimemwozea" iliipisha "Chozi la Heri", nayo ikaipisha "Nguu za Jadi". Vile vile, KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, kwa hivyo usishawishiwe na bei ya chini ya vitabu vya darasa la nane.

Pili, fungua katikati, si mwanzo tu. Kurasa zilizong'oka huwa hapo.

Tatu, tazama chapa. Wino uliofifia, maandishi yaliyopinda na jalada lenye rangi hafifu ni dalili za kitabu cha wizi. Ukikinunua unamnyima mwandishi jasho lake.

Nne, ukimaliza orodha ya shule, inama tena mara moja. Tafuta kimoja ambacho hakimo kwenye orodha. Riwaya, hadithi fupi, maisha ya mtu, hata kitabu cha upishi au cha kufuga kuku. Kiwe chako.

Na kama mfuko umekauka kabisa, Jumamosi ijayo mshike mtoto mkono mwende Kaloleni, Makadara au Buruburu, yoyote iliyo karibu nawe. Muulize mhudumu masharti ya uanachama. Kisha mwache mtoto achague mwenyewe kwenye rafu, nawe uchague chako, mkae meza moja msome.

Atakuuliza kitabu hicho kitatahiniwa lini. Mwambie hakitahiniwi, kisha uendelee kusoma akikutazama.