Nyumba Endelevu Kampala (Sehemu ya Pili): Paa Lenye Wenyewe

Katika sehemu ya kwanza tuliutazama udongo. Tuliona jinsi tofali la kuchoma linavyokula kuni na udongo wa mabonde ya Kampala, na jinsi tofali la kufungamana, la moramu na saruji kidogo, lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukomazwa kivulini, linavyojenga ukuta imara bila tanuri. Tuliona pia kwamba ukuta wa udongo si wa fukara peke yake. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na ofisi ya Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2021, ina kuta nene za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa papo hapo.

Leo tupande kwenye paa, kisha tushuke uani kwa wanaoishi chini yake. Hoja yangu ni hii: nyumba hudumu kwa mpango wa watu wa kuitunza, na uchaguzi wa nyenzo hufuata baadaye. Mafundi wa jadi wa Buganda walilijua hilo, na ushahidi uko Kasubi.

Kilima cha Kasubi kimo ndani ya jiji. Hapo Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Baadaye wakafuata Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara, upana wake wa nje mita 31 na kimo chake karibu mita 7.5. Ukiinua macho ukiwa ndani unaona pete za nyasi zilizofungwa na kukazwa, zikipungua moja juu ya nyingine hadi kileleni. Ziko 52, zikiwakilisha koo 52 za Buganda.

Paa la namna hiyo huishinda mvua kwa mteremko. Nyasi zikilazwa kwa unene na kwa mwinuko mkali, tone la maji hutembea kutoka ncha ya unyasi mmoja hadi mwingine, likadondoka ukingoni kabla halijapenya. Hewa iliyonaswa kati ya nyasi nayo huzuia joto. Hapa karibu na ikweta jua la mchana huliunguza paa kuliko ukuta, kwa hiyo paa ndilo linaloamua kama chumba kitakalika saa nane mchana.

Lakini nyasi huoza. Paa la nyasi lisilotengenezwa mara kwa mara huvuja, na hapo ndipo hekima ya Kasubi ilipo. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, mapambo ni ya ukoo wa Ngo, na vitambaa vya gome la mti vinavyotenga sehemu takatifu ni fani ya ukoo wa Ngonge. Kila sehemu ya nyumba ina wenyewe, na wajibu wao hurithiwa. Kuuzunguka ua kuna nyumba za wajane wa makabaka na walinzi wa makaburi, na sehemu kubwa ya eneo hilo la karibu hekta 27 bado inalimwa. Watu wanaishi pale, wakiona kila siku kinachohitaji kutengenezwa.

Wala jadi hiyo haikuogopa vitu vipya. Katika ukarabati wa mwaka 1938 ziliingizwa nguzo za zege, chuma na matofali, vikafunikwa. UNESCO ililiorodhesha eneo hilo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba kuu, na ilichukua hadi Septemba 2023 Kasubi kuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha ilihitajika, na Japani ilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Ila fedha haiezeki. Ilibidi pia vijana warithishwe ujuzi wa kuchagua nyasi, kuzifunga na kuzilaza.

Kitambaa cha gome, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, kinafundisha jambo hilo hilo. Fundi huubandua mti wa mutuba gome lake, kisha huufunika shina kwa majani ya mgomba. Mti haufi, gome huota tena, na mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi. Uvunaji na utunzaji vinafanywa na mkono mmoja.

Sasa tushuke mjini. Wakazi wengi wa Kampala hupanga mizigo, yaani vyumba vilivyopangwa kwa safu chini ya bati moja. Wanapikia nje kwenye sigiri, wanafua pamoja, wanaleleana watoto. Ujirani upo, lakini wajibu haujagawanywa. Bati likitoboka ni la mwenye nyumba, na mfereji ukiziba si wa mtu. Mipango ya kuwahamisha watu haijatatua hilo. Mwaka 2011 wakazi wa nyumba za Naguru na Nakawa waliondolewa kupisha mji mpya, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ardhi ile ilibaki bila nyumba zilizoahidiwa. Ujirani uliojengwa kwa vizazi ulitawanyika.

Sipendekezi tuezeke mitaa ya mabanda kama Namuwongo kwa nyasi. Katika msongamano ule cheche moja ingeangamiza mtaa. Wala sipendekezi kuhamisha mwiko unaowaweka wanawake mbali na uezekaji wa Kasubi, kwa kuwa mjini wao ndio wanaouendesha ua. Ninapendekeza safu za vyumba zitazamane, ua ukiwa katikati. Chini ya bati iwekwe dari ya matete, na nafasi iachwe ya hewa ya moto kutokea. Ukingo wa paa utoke mbele vya kutosha kuukinga ukuta wa udongo na mvua. Uani upandwe mutuba, kwa kivuli na kwa gome.

Juu ya yote, kabla ramani haijachorwa, iandikwe nani ana paa, nani ana mfereji, nani ana ua, na ni sehemu gani ya kodi itakayokwenda kwenye matengenezo. Buganda ina desturi ya bulungi bwansi, siku ya watu kufanya kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi yao. Desturi hiyo ikiingizwa katika mkataba wa upangaji, itakuwa na nguvu kuliko pambo lolote la kijadi linalobandikwa ukutani.

Wiki ijayo tutaingia kwenye swali gumu zaidi: mpangaji wa chumba kwenye ardhi ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu wa Buganda, yenye mwenyewe mwingine anahitaji haki ipi ili akubali kuitunza nyumba isiyo yake?